Mustang ya milioni 160 iliyobadilishwa injini: ninunue?

Shikamoo Mzee,

Nina miaka 41, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, mke na watoto watatu. Tangu shule ya msingi nilikuwa nakata picha za magari ya Kimarekani kwenye magazeti chakavu na kuzibandika ukutani, na kati ya yote nililipenda zaidi Mustang. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaligusa kwa mkono.

Mwezi uliopita dalali mmoja alinipeleka Njiro, Arusha. Nyuma ya geti kulikuwa na Mustang ya mwaka 1967, kijivu yenye mistari miwili myeusi, mgongo umeteremka mpaka mwisho wa buti. Mwenyewe anasema ni Shelby GT500, ile Mustang iliyoongezwa nguvu na kampuni ya Mmarekani Carroll Shelby. Alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa nchini, mkataba ulipoisha akarudi kwao. Tangu alichukue ameweka injini nyingine ya V8 ambayo anasema ina nguvu zaidi, rimu za inchi 18, viti vya ngozi, muziki mkubwa, na ekzosi ambayo ukiwasha mtaa mzima unajua. Anataka milioni 160. Nilipomwambia bei ni kubwa alijibu kwamba yeye mwenyewe ameshazamisha zaidi ya hizo, na anayo bahasha ya risiti. Nilizoziona zilikuwa za rimu na muziki.

Niliendesha mpaka Usa River na kurudi. Usukani uko kushoto. Kwenye foleni ya Tengeru mshale wa joto ulipanda, akafungua hita ndipo ukashuka. Nikikanyaga breki gari linavuta kushoto. Ndani kuna harufu ya petroli. Kila nikiuliza naambiwa ndivyo magari ya zamani yalivyo.

Nilinakili mwanzo wa namba ya chasisi kwenye kadi: 7R01C, halafu tarakimu sita. Kadi inaonyesha cc 4,700 na ushee. Dalali anasema kuna mteja wa Nairobi anakuja Jumamosi na pesa taslimu.

Nina akiba ya milioni 90. Zilizobaki naweza kukopa SACCOS kwa dhamana ya nyumba tunayoishi. Mpango wangu ni kulikodisha kwenye harusi mpaka lijilipe. Mama watoto hataki hata kulisikia. Anataka pesa zimalizie nyumba ya Kibosho. Naomba unisaidie. Bei hii ni ya haki? Na mtu ambaye si fundi atajuaje thamani ya gari kama hili?

Mpenda Mustang, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa milioni 160, usinunue. Nimeanza na jibu kwa sababu Jumamosi iko karibu. Sababu nitakupa, na nitakueleza pia ni kwa bei ipi na kwa masharti yapi ningefurahi kukuona ukiliendesha, maana mapenzi ya tangu utotoni si upuuzi na sipendi mtu akuambie ni upuuzi.

Tuanze na ile namba, kwa kuwa katika barua yako yote ndicho kitu pekee ambacho hakitafuti kamisheni.

Kwenye Mustang za mwaka huo kila alama ya mwanzo ina maana yake. Ile 7 ni mwaka, 1967. R ni kiwanda cha San Jose, California. Zilizotoka Dearborn zina F na za Metuchen zina T. Tarakimu mbili zinazofuata ni aina ya bodi, na herufi ya mwisho ni injini iliyofungwa kiwandani. Sasa tazama bodi. 01 ni hadtopu, yaani Mustang ya kawaida ya milango miwili, ambayo paa lake linakatika nyuma ya viti kisha buti linafuata likiwa limelala. Ya mgongo wa mteremko, inayoitwa fastibaki, ni 02. Ya paa la turubai ni 03. Wewe umeliona gari la mteremko, na kadi yake ina namba ya hadtopu.

Herufi C ni V8 ya inchi za ujazo 289, karibu lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili na nguvu ya farasi 200. Inalingana na cc zilizoandikwa kwenye kadi. Ni injini nzuri, tulivu, lakini ndiyo V8 ya ngazi ya chini kwenye Mustang ya mwaka huo. Shelby GT500 ya 1967 ilikuwa na injini ya inchi za ujazo 428, ambayo ni lita 7, ikiwa na kabureta mbili za midomo minne kila moja, na namba yake huanza na 7R02Q. Zilitengenezwa kama elfu mbili tu. Kila moja iliwekewa pia bati la namba ya Shelby mwenyewe, na Shelby American Automobile Club, klabu ya wamiliki kule Marekani, ina daftari la magari hayo. Kwa hiyo hili la Njiro si GT500, halijawahi kuwa GT500, na bei yote iliyopandishwa kwa jina hilo iondoe kichwani mwako leo hii.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mgongo. Inawezekana aliyejaza kadi alikosea tarakimu moja, hutokea. Inawezekana pia mtu alichukua hadtopu, akakata paa na mabati ya nyuma, akaunganisha ya fastibaki. Kazi hiyo inafanywa sana, na ukijua idadi utaelewa kwa nini: mwaka 1967 Ford ilitengeneza Mustang 472,121, na kati yake hadtopu zilikuwa zaidi ya 356,000 wakati fastibaki zilikuwa 71,042. Fastibaki ni chache na ndiyo inayotafutwa, hivyo inauzwa ghali zaidi kuliko hadtopu ya hali ileile. Uwezekano wa tatu ni mbaya kuliko yote: namba imetoka kwenye gari moja na bodi imetoka kwenye jingine. Hapo hununui gari, unanunua kesi.

Kujua ni lipi kati ya hayo hakuhitaji ufundi mkubwa. Fungua boneti. Namba ya asili ilipigwa kiwandani kwenye bati la ndani la chumba cha injini, upande wa kushoto, chini ya ukingo wa madigadi. Isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uipige picha. Kisha fungua mlango wa dereva usome bati lililofungwa pale: namba irudiwe ileile, na juu yake kuna alama ya bodi, 65A kwa hadtopu ya kawaida na 63A kwa fastibaki ya kawaida. Bati la mlango linaweza kutengenezwa jipya na kununuliwa kwa posta, kwa hiyo zikitofautiana, ile iliyopigwa kwenye mwili wa gari ndiyo ya kuaminiwa, mradi bati lake halionyeshi kukatwa na kuchomelewa. Ukiwa na namba kamili unaweza kuagiza Marti Report. Hiyo ni ripoti inayotolewa na kampuni ya Marekani yenye kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967, na itakuambia gari hili lilitoka kiwandani na bodi gani, injini gani, rangi gani na giaboksi gani. Kwa bei ya mamilioni, muuzaji mkweli angekuwa ameshaiagiza zamani.

Ukithibitisha kwamba paa limeunganishwa, swali linahama kutoka thamani kwenda usalama. Mustang ya miaka ile haina fremu ya chini kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na paa ni sehemu ya nguvu ya bodi. Imeunganishwa na nani, kwa mashine gani, na kuna picha za kazi ikiendelea? Mafundi bodi wa Arusha wapo hodari sana, nawajua vijana waliorudisha magari ya utalii yaliyopinduka Ngorongoro yakawa kama mapya. Lakini weldi iliyofunikwa na fila, ile pasti ya kuziba mabonde ya bati, na rangi huwezi kuisoma kwa macho. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe kwenye nguzo za paa, juu ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango. Inaposhika vizuri pana chuma. Inapoteleza na kudondoka pana fila nene, na mtu aliyejaza fila nene kwenye nguzo ya paa ana jambo la kuficha.

Nije kwenye injini na hayo marekebisho mengine, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Muuzaji anakuhesabia alichotumia, na ninaamini kabisa ametumia. Ila alitumia kwa ladha yake. Rimu, muziki, viti na mistari ni starehe aliyokwisha kuifaidi, na mimi kwenye hesabu naviwekea sifuri. Rimu za inchi 18 naziona hata kama hasara kidogo: gari hili lilitoka na za inchi 14, na ukipachika kubwa kiasi hicho lazima uangalie kama matairi yanagusa madigadi unapokata kona au unapopita kwenye tuta.

Yapo marekebisho ninayoyalipia. Breki za diski mbele, giaboksi ya gia tano, rejeta kubwa yenye kava la feni, waya za umeme zilizofungwa upya kwa utaratibu wenye fyuzi zinazoeleweka, mikanda ya kiti inayopita begani badala ya ile ya kiunoni tu. Haya yanalifanya gari la 1967 litembee kwenye barabara ya leo. Hata hivyo siyalipii kwa bei ya risiti. Nusu inatosha, na ni kwa yale tu yenye risiti na ambayo fundi wangu ameyaona kwa macho. Katika barua yako yote hukutaja hata moja kati ya hayo, na sidhani kama umesahau. Mtu aliyeweka breki nzuri huzisifia kabla ya muziki.

Injini "yenye nguvu zaidi" ni ipi? Muulize, halafu usitosheke na jibu. Kwenye bloku, upande wa kulia kwa nyuma, juu ya stata, kuna namba iliyotoka na chuma chenyewe kilipomiminwa. Kwa Ford, herufi ya kwanza ni muongo na tarakimu inayofuata ni mwaka muundo wa bloku ulipobuniwa: C ni miaka ya sitini, D ya sabini, E ya themanini. Kwa hiyo namba inayoanza na C7 ni ya 1967 na inayoanza na E6 ni ya 1986. Ikiwa ni 302, ile ya lita 5 iliyoanza kufungwa kwenye Mustang mwaka 1968, mimi sina ugomvi nayo. Ni ndugu wa 289, inakaa vizuri kwenye nafasi ileile, na kwa mtu anayetaka kuendesha ni chaguo la busara. Kwa anayekusanya magari ya asili imepunguza thamani, lakini wewe hukusanyi. Tatizo ni kadi. Kadi yako ina cc za injini ya zamani. Injini ikibadilishwa, taarifa inatakiwa kurekebishwa TRA, na anayetakiwa kuirekebisha ni huyo mwenye gari sasa, kabla hujampa senti. Kama bado cc 4,700 na ushee ni za injini iliyomo, basi hakuna injini kubwa zaidi na ameanza kukudanganya mapema.

Sasa safari yako ya Usa River. Uliambiwa ndivyo magari ya zamani yalivyo. Hapana. Mustang ya 1967 inayotunzwa haichemki kwenye foleni ya Tengeru asubuhi yenye baridi ya Meru, haivuti kushoto, na hainuki petroli. Kufungua hita ni mbinu ya dereva anayejua kwamba rejeta imeshindwa: hita inanyonya joto la maji na kulimwaga ndani kwenu. Yaani alijua. Gari likichemka Tengeru, litafanya nini ukiwa na bibi harusi mnapanda kwenda Marangu?

Kuvuta kushoto kunaweza kuwa jambo dogo, silinda ya gurudumu iliyokwama au oili iliyoingia kwenye viatu vya breki. Lakini kumbuka Mustang hizi kwa kawaida zilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne, diski za mbele zilikuwa za kuongeza pesa. Hizo rimu zina uwazi mkubwa. Chungulia tu katikati ya spoku utaona kama kuna diski au dramu. Ukikuta nguvu ya injini imeongezwa na dramu za mwaka 1967 zimebaki, huyo aliyelijenga hakufikiria kusimama. Mimi nisingempa mwanangu gari hilo ashuke nalo mteremko wowote.

Harufu ya petroli ndiyo ingenifanya nishuke siku ileile. Kwenye Mustang hii tangi limedondoshwa kwenye uwazi wa sakafu ya buti, kiasi kwamba juu ya tangi ndiyo sakafu yenyewe unayowekea mizigo, na kiwandani hakukuwekwa ukuta kamili wa chuma kati ya buti na abiria. Bomba la kujazia nalo linapita mle ndani. Mpira uliochakaa, au pampu ya umeme iliyofungwa ovyo wakati wa kubadilisha injini, na mvuke unaingia kwenye viti. Ongeza waya za muziki mkubwa zilizopitishwa hukohuko nyuma. Usiliendeshe tena mpaka hilo litengenezwe.

Kuna jambo dogo la hapa kwetu ambalo fundi wako aliangalie pia. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam au pwani yoyote itamwaga mafuta mengi kuliko hewa: plagi zinakuwa nyeusi, gari linakunywa, na ile nguvu unayoambiwa haipo. Kinachotakiwa ni kubadilisha jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, na gharama yake si kubwa. Nakutajia ili usije ukabebeshwa bei ya injini mpya kwa ugonjwa wa kabureta.

Karatasi. Hapa naomba usome pole pole, kwa sababu gari lililotoka kwa mgeni aliyekuja kwa mkataba linaweza kuwa liliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mtu na kazi yake. Gari likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani, VAT asilimia 18, na katikati kuna ushuru wa bidhaa unaozingatia ukubwa wa injini na uchakavu, na kwa gari la miaka mingi kiasi hiki haukuachi salama. Nenda TRA mwenyewe na namba ya chasisi na nakala ya kadi, uulize kodi ililipwa na jina lililopo ni la nani. Usimtume dalali. Kama kodi ililipwa na nyaraka za forodha zipo, muuzaji ana haki ya kuihesabu kwenye bei, kwa kuwa nawe ungelipa hiyohiyo ukiagiza. Hapo nampa haki yake. Kama jina kwenye kadi bado ni la mgeni aliyeondoka, acha, hata likishuka nusu ya bei.

Huyo mteja wa Nairobi simwamini. Kenya haipokei kwa usajili wa kawaida gari lililotumika zaidi ya miaka minane, wala la usukani wa kushoto. Mtu wa Nairobi anayejua magari haya analijua hilo pia. Jumamosi ikifika utagundua kwamba ameahirisha.

Usukani wa kushoto wenyewe hauharibu gari, unaharibu safari. Barabara yetu ya Moshi na Arusha sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, imejaa malori na mabasi. Kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River utakuwa nyuma ya lori, na ili uone kama njia ni nyeupe itabidi gari lako lote litoke upande wa pili ndipo macho yako yafike. Kwa safari za mjini na Jumapili ya kwenda kanisani halina shida. Kwa biashara ya kufuata harusi wilaya kwa wilaya, lina shida kubwa.

Na hiyo biashara, tuihesabu kwa uaminifu. Tuseme unapata laki tano kwa harusi moja, ambayo kwangu ni bei nzuri. Milioni 160 ni harusi 320, kabla ya mafuta, dereva, matairi na riba ya SACCOS. Wewe ni wa Moshi, unajua harusi zetu zinavyokuja: Desemba watu wote wamerudi nyumbani na kila ukumbi umejaa, Kwaresma ikiingia makanisa yanatulia. Ukipata harusi 30 kwa mwaka umejitahidi, na itakuchukua zaidi ya miaka kumi kurudisha bei tu. Halafu fikiria milango. Ni miwili. Bibi harusi mwenye gauni refu na shela atapinda kiti cha mbele, ajipenyeze kwenye kiti cha nyuma kilichobana chini ya paa la mteremko, na matroni amfuate? Wapiga picha watalipenda gari, watalitaka limesimama bustanini. Wanaharusi wenyewe watapanda gari jingine. Kwa hiyo mpango wa kujilipa uufute kabisa, na gari ulipime kama starehe yako.

Ukilipima hivyo, swali linalobaki ni siku ukitaka kuliuza. Gari la zamani lina bei pale tu palipo na watu wanaolikumbuka na kulijua. Hapa kwetu mtu akileta Peugeot 404 iliyotunzwa, wazee watasimama barabarani, kwa sababu Bert Shankland akiendesha kutoka Tanzania alishinda Safari Rally na 404 mwaka 1966 na tena 1967, na kila mji ulikuwa na fundi wa Peugeot. Land Rover ya miaka hiyo nayo ina wanunuzi, ina spea, ina vijana wanaoijua kwa kugusa. Mustang inashangiliwa na wengi, lakini anayeweza kutoa mamilioni na akubali usukani wa kushoto, paa la mashaka na spea za kusubiri kutoka Marekani ni mmoja mmoja. Unaweza kukaa nalo sokoni miaka miwili. Nadhani huyo muuzaji wako yuko kwenye hali hiyohiyo sasa hivi, na ndiyo nguvu yako kwenye mazungumzo.

Ningetoa ngapi? Kama namba ya kwenye bati la injini inalingana na kadi, TRA wamethibitisha kodi imelipwa, injini imeandikishwa, na kazi ya paa imefanywa kwa weldi ya kueleweka, mimi ningeanzia milioni 55 na nisingevuka 70. Nalihesabu kama hadtopu ya 289 iliyobadilishwa sura, maana ndivyo lilivyo. Milioni 20 zinazobaki kwenye akiba yako ni za breki, rejeta, njia za mafuta na umeme, na zitaondoka zote, usijidanganye. Kama paa lina fila ninayoihofia, ningerudi nyumbani. SACCOS usiiguse. Nyumba wanamolala watoto haiwekwi dhamana kwa ajili ya gari la Jumapili, na hapo mama watoto yuko sahihi bila mjadala. Kuhusu Kibosho, kaeni mpige hesabu pamoja nyumba imebakiza nini mpaka ihamiwe. Ikiwa ni paa na madirisha, maliza kwanza. Mustang ya mwaka 1967 imeshasubiri miaka yote hiyo, na huyu si wa mwisho kuuza.

Kabla ya kwenda tena, tafuta fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Arusha wapo waliokua na Range Rover za zamani za V8 ya kabureta. Huyo ndiye unayemtaka, si kijana wa kompyuta. Mpigie muuzaji umwambie mnafika saa moja asubuhi na asiliwashe gari kabla hamjafika. Ukishuka tu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameficha namna linavyowaka likiwa baridi. Fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nane. Namba zikaribiane, moja ikianguka peke yake ujue injini inafunguliwa. Alinyanyue kwa jeki, aliweke kwenye stendi imara, aangalie nguzo za shokapu za mbele kama zimepasuka, maana hapo Mustang huchoka. Afunue mazulia chini ya miguu ya dereva na abiria, kwa kuwa maji ya mvua huingia kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele na kuoza sakafu kimya kimya. Wewe kazi yako iwe moja: piga picha ile namba chini ya ukingo wa madigadi ya kushoto. Akikuzuia kuipiga, mshukuru kwa muda wake, panda Coaster urudi Moshi. Akikuruhusu, niletee picha hiyo na ile ya bati la mlango, tuzisome pamoja kabla hujataja bei yoyote.